Mali Iachwayo Garini

Mpiga picha wa harusi hapa Dodoma, siku ya Jumamosi, ni msafiri asiyetoka mjini: asubuhi yuko saluni ambako bibi harusi anapambwa, kabla ya adhuhuri yuko kanisani, au nyumbani kwa wazee panapofungwa nikaha, alasiri yuko bustanini akiwapanga maharusi na wasimamizi wao mbele ya maua, na magharibi inapoingia yuko ukumbini akigombania nafasi na mshereheshaji na wapiga muziki. Katika kila kituo hushuka na kamera moja, au mbili akiwa mtu mwenye uwezo, na vilivyobaki, yaani lenzi, taa, betri, stendi na ile kamera ya akiba, hukaa garini kwa dakika kumi, au ishirini, au kwa muda wowote utakaompendeza shangazi wa bwana harusi. Suala ninalotaka kulitazama ni dogo kwa sura yake, nalo ni hili: mtu huyu anapoufunga mlango wa gari na kulipa mgongo, ni tahadhari ipi iliyo wajibu juu yake, na ipi imevuka mpaka ikawa ama wasiwasi ndani ya nafsi yake mwenyewe, ama dhuluma kwa watu wanaopita?

Jibu lililo karibu na kila ulimi ni kisa cha mtu aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na amtegemee, akaambiwa afunge ndipo ategemee. Na hadithi hiyo imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik. Ndugu zetu Wakristo, ambao habari zao katika nchi hii ya Ugogo zaanza na wamisionari wa CMS waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, wakisoma Kitabu cha Nehemia huikuta hukumu iyo hiyo, kwani waliokuwa wakiujenga upya ukuta wa Yerusalemu walipotishwa na adui zao waliomba, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Wote wamekubaliana, basi, kwamba kufunga ni lazima. Lakini kisa cha ngamia, kwa jinsi tunavyokitaja barazani, hukatizwa mahali ambapo ugumu ndipo unapoanza, maana hatuambiwi afungwe kwa mafundo mangapi, wala ni ngamia wa nani, wala mafundo hayo yafungwe mbele ya macho ya nani.

Mafakihi ndio waliokaa wakahesabu mafundo. Katika mlango wa wizi, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameshika kwamba mali haihesabiwi kuwa imeibwa kwa maana ile nzito yenye adhabu nzito, ila ikiwa ilikuwa mahali pa hifadhi palipo laiki yake, na kwamba kipimo cha mahali hapo ni ada ya watu: zizi ni hifadhi ya mbuzi wala si hifadhi ya dhahabu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye Minhaj yake imesomeshwa katika darasa za pwani vizazi kwa vizazi, hakuona haya kuingia katika mambo madogo kabisa ya njiani, akasema kwamba ngamia waliofungamanishwa kwa kamba na kuvutwa na mtu mmoja wamehifadhika iwapo kiongozi wao hugeuka mara kwa mara akawaona, na iwapo idadi yao haizidi tisa. Napendezwa sana na hiyo tisa. Mtu mwenye elimu kubwa namna ile aliketi akajiuliza ni vitu vingapi ambavyo jicho la binadamu mmoja laweza kuvichunga kwa haki, na jibu lake lamhusu kila mwenye kwenda harusini na mabegi manne na jicho moja lililobanwa kwenye kamera.

Yapo pia maneno ya joho la Safwan bin Umayya. Bwana huyu alilala msikitini akiwa amelifanya joho lake mto, mwizi akaja akalichomoa chini ya kichwa chake, naye akamkamata, akamfikisha kwa Mtume, na hukumu ya wizi ikapitishwa. Na wanazuoni wakachukua hapo kwamba kichwa cha mwenye mali, hata akiwa usingizini, ni hifadhi ya kutosha kwa kile kilicho chini yake, ingawa msikiti wenyewe ni mahali pa watu wote na hauna mlango wa kumzuia mtu. Ama gari lililoegeshwa kando ya soko la Majengo vioo vyake vikiwa safi na begi likiwa kitini, sioni fakihi gani angelikubali kuliita hifadhi ya kamera. Gari ni hifadhi ya tairi la akiba na jeki. Kwa kamera, kioo ni duka lisilo na muuzaji.

Kwa hiyo ada ya wenye kazi hii imejengeka yenyewe bila kitabu: chochote kisibaki machoni, si begi tu, hata mkanda mtupu wa kamera na waya wa kuchajia, kwa kuwa kibaka haibi alichokiona, huiba alichokidhania; gari lipakiwe kwa kinyumenyume, buti likaribie ukuta hata lisipate nafasi ya kufunguka; na vilivyomo butini vikae ndani ya mfuko wa salfeti unaonuka vitunguu kuliko ndani ya begi jeusi lenye jina la kiwanda ubavuni. Shuka lililotandikwa juu ya kitu katika kiti cha nyuma halifichi kitu, latangaza.

Lakini mwizi siye peke yake anayekusudiwa na hifadhi, na hapa tena mafakihi walitutangulia. Katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu amana, wameandika kwamba mwenye kuwekewa nguo za sufi hatoshelezi kwa kuzifungia sandukuni, bali humpasa kuzitoa na kuzipigisha upepo ili wadudu wasizile. Akiacha, zikaharibika, amefanya taksiri na atalipa. Nyanda zetu za kati hazina haja sana ya kuogopa wadudu wa sufi, ila zina jua. Mwezi wa Novemba, mvua ikingojewa na mawingu yakipita tu bila ya kusimama, joto la nje lafika nyuzi 30 na kuzidi, na ndani ya gari lililofungwa vioo hupita 45 kabla ya nusu saa kutimia, ilhali watengenezaji wengi wa kamera huandika nyuzi 40 kuwa mwisho wa joto la kutumikia chombo chao, na betri za lithiamu huzeeka upesi katika joto hilo. Tena lipo vumbi la rangi ya kutu, ambalo huingia butini kwa tundu usiloliona na kukaa katika kila pete ya lenzi. Mwenye kukificha chombo kwa ustadi mbele ya kiti, chini ya dashibodi, jua likakipiga saa nzima, amekinusuru kwa kibaka na kukitoa kwa jua, na mwenye mali, ikiwa si yeye, ana haki ya kuuliza.

Na mara nyingi si yeye. Hili ndilo jambo ambalo mazungumzo ya tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, hulipita haraka. Vijana wengi wanaopiga picha mjini hapa huanza kazi kwa lenzi ya kuazima na taa ya kukodi, na sheria ya Shafii imetofautisha mikono hii miwili kwa namna ambayo wengi wao wangeshtuka kuisikia. Aliyekodi kwa ujira, mkono wake ni mkono wa amana: kikiibwa bila ya taksiri yake, hana dhamana. Aliyeazima bure, kikimpotea nje ya matumizi aliyoruhusiwa, atalipa, hata kama alikifungia butini, akaegesha ukutani, akaomba dua. Dalili yao inarudi kwa Safwan yule yule, kwa sababu kabla ya vita vya Hunain, mwaka 630, Mtume alimwomba deraa zake, naye, akiwa bado hajasilimu, akauliza kama ni kunyang'anywa, akajibiwa kuwa ni kuazima kwenye dhamana. Wako wasioafiki hukumu hii, na Wahanafi hawaioni hivyo, lakini mimi naiona ina busara kubwa ndani yake: aliyekupa bure hakufaidi chochote, basi hasara isimfuate yeye, na urafiki wa mafundi hubaki imara pale ambapo neno «niazime» linajulikana uzito wake kabla ya kutamkwa.

Sasa nije kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye ndani ya Ihya yake, katika kitabu cha tauhidi na tawakuli, ameiweka kadhia ya mtu anayetoka na kuacha mali nyuma yake mahali pake hasa. Asema kufunga mlango hakupingani na kumtegemea Mungu, lakini kuzidisha, kama kufuli juu ya kufuli na jirani aliyeagizwa kuchunga, ni ishara ya moyo ulioegemea chuma. Amsimulia zahidi Malik bin Dinar ambaye hakuwa akifunga mlango wake kwa kufuli bali kwa uzi, akisema kwamba lau si mbwa hata uzi asingeutia. Na amsimulia tena huyo huyo Malik alivyomrudishia Mughira chombo cha maji alichomzawadia, kwa kuwa tangu alipokipokea shetani hakuacha kumnong'oneza kwamba mwizi amekichukua. Abu Sulaiman, mmoja wa wazee wa Kisufi, aliposikia habari hiyo alisema huo ni udhaifu wa nyoyo za Masufi: mtu ameipa dunia mgongo, kisha ana nini na mwenye kukichukua? Nami ni wa upande wa Abu Sulaiman. Kurudisha chombo ni dawa ya mtu ambaye hali kwa chombo hicho. Mwenye watoto wanaosoma kwa kamera hana wa kumrudishia.

Katika adabu alizozipanga Ghazali iko moja ambayo nimeona haisemwi sana hapa kwetu, nayo ni kwamba mtu asiache nyumbani kitu kitakachowatia wezi tamaa, kwa kuwa atakuwa yeye ndiye sababu ya maasi yao. Tazama jinsi jambo lote linavyogeuka. Mpaka hapa tulikuwa tukizungumza kwamba ninaficha kamera yangu kwa ajili ya mali yangu. Kumbe naificha kwa ajili ya kijana anayepita pia, ambaye huenda asubuhi aliamka hana nia mbaya na mtu, ambaye mwaka huu mtama wa baba yake umekauka ungali mchanga, na ambaye thamani ya lenzi moja kitini pale ni kodi ya chumba chake kwa mwaka na zaidi. Sisemi kwamba yeye hana lawama akichukua. Nasema kwamba lawama ina sehemu zaidi ya moja, na sehemu iliyo yangu imo katika uwezo wangu kabla sijashuka garini.

Hoja hii hata hivyo ina makali mawili, na wengi wa wanaojiita waangalifu hukatwa na lile la pili. Pale Mayamaya, katika barabara ya Kondoa ambayo tangu 2018 ni lami tupu hadi Babati, nilimwona bwana mmoja akisimamisha gari chini ya mti, akashuka, akafungua buti mbele ya watoto na kina mama wauzao karanga, akahamisha mabegi yake kutoka kitini moja baada ya moja, akayafunika, akafunga, akabonyeza rimoti, akaujaribu mlango kwa mkono mara mbili, kisha akageuka na tabasamu lililojaa akamwomba kijana mwenye sinia la karanga ampige picha. Kijana alikuwa ameitazama kazi ile yote toka mwanzo hata mwisho, sinia limetulia kichwani. Akasema, «Picha hapana, bosi. Karanga nunua, mia tano.» Bwana yule alinunua karanga, na nadhani alikwenda akisimulia kwamba watu wa Mayamaya hawapendi kupigwa picha.

Alifanya makosa mawili kwa mkono mmoja. Kwa upande wa mali, amewaonyesha wote waliosimama pale ni wapi vitu vilipo na ni vingapi, jambo ambalo kila fundi wa kazi hii atamwambia ni kinyume cha tahadhari: vitu hufichwa kwenye kituo cha mafuta unachotoka, si mtini unapofika, ili unaposhuka uwe mtu aliyefunga mlango tu kama wafungavyo watu wote. Kwa upande wa watu, amewahukumu kwa matendo yake kabla hajawasalimu. Dhana mbaya iliyofichwa moyoni Mungu huenda akaisamehe, lakini iliyoonyeshwa hadharani kwa vitasa na vifuniko ni neno la matusi, ijapokuwa ulimi haukusema. Na katika mambo ya ajabu ninayoyahesabu kuwa ni neema, hapa hesabu ya mali na hesabu ya adabu zatoa jumla moja: ufiche mapema, mahali pengine, na hutamvunjia mtu heshima wala hutampa mtu habari.

Wazungu waliopita Ugogo na misafara ya wapagazi, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, wamejaza kurasa kwa malalamiko juu ya hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo kabla ya kuruhusiwa kupita na kuchota maji. Sitaki kuwatetea watemi kwa kila walichodai, maana wengine walidai kupita kiasi. Lakini palikuwa na akili katika desturi ile: mwenye kupitisha mizigo ya utajiri katikati ya watu walio na kiu ana deni la kusimama, kusalimu na kuzungumza nao, na baada ya hapo mizigo yake imo katika nchi ya wenyeji wanaomjua, si katika nchi ya wageni wanaomtazama. Siku hizi hongo imekuwa neno la aibu, na ni haki iwe hivyo. Kusalimu hakukuhitaji kwenda nayo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kwenda Kolo kupiga picha za michoro ya miambani, ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono katika mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hupitia Kolo kwanza kuandikishwa na kupewa mwongozaji, kisha gari huachwa chini na mlima hupandwa kwa miguu, na hakuna mtu mwenye akili atakayepanda na mzigo wote. Kule juu, Mongomi, michoro imekaa kwa mamia na maelfu ya miaka bila mlango wala kitasa, ikiwa na paa la mwamba dhidi ya mvua, na dhidi ya watu ikiwa na haiba ya mahali ambapo wenyeji mpaka leo huja kufanya matambiko. Mgeni aliyeomba ruhusa kwa wenyeji hao hao ili aone walichokichunga, kisha akawa na hofu kwamba hawataweza kumchungia gari kwa saa mbili, afikirie tena.

Juu ya watoto wanaokuja mbio wakisema «Nikulindie gari, mzee?», nina neno fupi. Wengi huona kumpa mtoto hela ya soda kumemaliza kazi. Kwa sheria niliyoitaja, wadia haumfungi mtoto: akiwekewa kitu, kikapotea, hana dhamana, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupewa mzigo huo tangu mwanzo, na ikiwa kibaka wa miaka thelathini atakuja, umemweka mtoto wa miaka kumi baina ya jiwe na kioo. Mpe hela ya soda kwa sababu ana kiu. Kulinda mwombe mtu mzima, mama mwenye genge au fundi baiskeli aliye hapo siku zote, na umlipe kama alipwavyo mtu aliyefanya kazi.

Imebaki ile nia ambayo Ghazali anamtaka mtu aiweke anapotoka: kwamba mwizi akichukua, basi mali hiyo ni sadaka, ili mwenye kuchukua apunguziwe dhambi na mwenye kuibiwa asipoteze vyote viwili, mali na thawabu, na kwamba ahuzunike kwa ajili ya mwizi kuliko kwa ajili ya kilichoibwa. Ni nia ngumu, na anayeiweza namwonea wivu mwema. Ila ina sharti ambalo ni jepesi kulisahau: mtu hutoa sadaka kilicho chake. Mwili wa kamera niliyoinunua naweza kuusamehe. Lenzi ya rafiki siwezi. Na kadi yenye picha za asubuhi, bibi harusi akivishwa shela na mama yake akilia, hiyo siyo yangu wala haina bei, maana saa ile hairudi hata ukilipwa kamera kumi. Kwa hiyo kadi iliyojaa hutoka ndani ya kamera kabla ya mlango wa gari kufungwa, na huenda mfukoni, mwilini, kila kituo, na ataghafilika mara moja tu yule asiyefanya hivyo.

Basi na itokee kwamba ni Ijumaa, mpiga picha yuko njiani, na wakati wa sala umeingia naye amefika Msikiti wa Gaddafi. Aswali huku moyo uko butini? Bukhari amepokea kwamba Abu Barza al-Aslami aliswali kando ya mto huko Ahwaz akiwa ameshika hatamu ya mnyama wake, mnyama akimvuta naye akimfuata kidogokidogo ndani ya sala, hata mtu mmoja wa Khawariji akamlaani. Naye alipomaliza akajibu kwamba alipigana pamoja na Mtume katika vita vingi na ameuona wepesi wake, na kwamba kurudi na mnyama wake ni bora kuliko kumwacha arudi malishoni kisha yeye ataabike. Sahaba huyo hakuomba radhi kwa kushika hatamu. Mpiga picha wetu naye asiombe: kadi iwe mfukoni, kamera yake na stendi zikae butini kivulini, avitoe moyoni kwa ile nia ya Ghazali kadiri awezavyo. Ama lenzi ya kuazima, hiyo naona iingie naye msikitini, ikae mbele yake upande wa kulia wa pale anaposujudu. Na atakayemkataza amwonyeshe kwanza mahali pengine palipo salama zaidi.